Kuchonga Sanamu Ndogo kwa Kisu Pekee: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yamekusudiwa mtu anayeishi Kisumu, Kakamega, Busia, Kisii, Nakuru au kwingineko upande huu wa nchi, ambaye angependa kuchonga wanyama, ndege na watu wadogo wanaoenea kiganjani, na ambaye hana karakana wala fedha za kununulia vifaa vingi. Urefu wa majibu haulingani kwa sababu maswali yenyewe hayana uzito mmoja: la mti na la makali ndiyo yanayoamua karibu kila kitu.

Je, kisu kimoja kinatosha kweli, au nitahitaji tezo na patasi?

Kinatosha, mradi sanamu isizidi shubiri moja. Wachongaji wa Ukambani, ambao biashara yao ya vinyago huhusishwa na Mutisya Munge wa Wamunyu aliyejifunza kazi hiyo kwa Wazaramo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, huanza kwa tezo kuondoa sehemu kubwa ya mti na kumalizia kwa kisu. Wewe utaiacha hatua ya tezo kwa kuchagua kipande ambacho tayari kinakaribia ukubwa unaoutaka. Kisu kilichonyooka kitakushinda mahali pamoja tu, nako ni kuchimba ndani: bakuli, upawa wenye kina, au mzinga wa ngoma kama isukuti ya Waisukha na Waidakho vinahitaji vifaa vingine. Samaki, kiboko, ndege aliyetua, mzee aliyeketi na ng'ombe aliyelala havihitaji kitu kingine.

Ninunue kisu cha aina gani?

Tafuta ubapa wa chuma wenye urefu wa sentimita 4 hadi 6, uliochongoka mwishoni, na mpini mnene unaojaza kiganja. Watu wengi huja na kisu kirefu cha jikoni, na shida yake ni kwamba ncha inakuwa mbali na vidole vinavyoiongoza, tena chuma chenyewe ni chembamba kiasi cha kupinda kinapokutana na fundo. Kisu cha kukatia karatasi, kile chenye wembe unaovunjwa kipande kwa kipande, nisingemshauri mtu yeyote akitumie kwenye mti, kwa sababu wembe huo umetengenezwa uvunjike na utavunjika ukiwa umeuegemea.

Njia nafuu ni kumwendea fundi wa jua kali, awe wa Kibuye mjini Kisumu au wa Nakuru, akutengenezee kisu kutokana na chuma chakavu. Hapo uwe macho. Mabamba mengi ya kisasa ya msumeno wa chuma yana meno magumu lakini mgongo laini, kwa hiyo fundi akitoa makali upande wa mgongo utapata kisu kinachong'aa asubuhi na kuwa butu adhuhuri. Tupa iliyochakaa ina chuma kizuri zaidi, ila ni kikavu mno na huvunjika kikiangushwa, hivyo inafaa ipashwe moto wa wastani, kama digrii 200, kabla ya kunolewa. Msihi fundi achovye chuma majini kila mara anaposaga kwenye mashine. Ukiona ukingo umegeuka rangi ya samawati, ujue umeungua na ugumu wake umeondoka, na hakuna kunoa kutakakourudisha.

Ni mti upi unaomfaa anayeanza?

Jakaranda. Unapatikana kandokando ya barabara za miji yetu, hukatwa matawi mara kwa mara, rangi yake ni nyeupe, nyuzi zake zimetulia, na ni laini bila kuwa wa kubonyea. Uliletwa kutoka Amerika ya Kusini, na ni miongoni mwa miti ambayo wachongaji wa Kenya walihimizwa waitumie badala ya mpingo na muhugu, pamoja na mwarobaini, mwembe na mgrevilea. Baada ya jakaranda ningeutaja mparachichi, ambao wakulima wa Vihiga na Kisii huupogoa na kuuchoma kama kuni bila kujua walichokipoteza.

Siala ya Waluo, ambayo Waluhya huiita lusiola, ni mti wa mipakani na wa nguzo za nyumba. Ni mgumu kidogo kuliko jakaranda, lakini hupasuka kwa mstari ulionyooka, na jambo hilo lina thamani kubwa kuliko ulaini, kwa sababu ukishautazama ufa wake unajua nyuzi zinakoelekea. Mpera nao ni mgumu na mshikamanifu. Utumie kwa sanamu nyembamba ambayo jakaranda ingevunjika. Mgrevilea una mapambo mazuri yanayometameta ukikatwa ubavuni, ingawa ngozi za watu wengine huwashwa nao.

Mkaratusi tuuache kwa nguzo za umeme. Hujipinda unapokauka na nyuzi zake hupishana, hata kisu kinachokwenda vizuri mbele hukwama ghafla kabla hujaondoa mkono. Mbao za saiprasi, ambazo mabaki yake utayapata bure kwa maseremala, zina mafundo mengi, na pete zake hubadilika kutoka laini hadi ngumu kila baada ya milimita chache; zinafaa kwa mazoezi ya kukata, si kwa uso wa mtu. Mvule ni mti wa heshima, lakini ndani yake hujificha vijiwe vya chokaa vinavyoweza kung'oa kipande cha makali, na vumbi lake huwasha pua. Kandokando ya Ziwa Victoria huota pia ambachi, mti mwepesi mno ambao ndugu zetu Wailchamus wa Ziwa Baringo huutengenezea vyombo vya kuvulia samaki. Wengi hudhani wepesi huo utarahisisha kuchonga. Kwa kweli huo ndio mtihani wa kisu: makali yakipungua kidogo tu, nyuzi hubonyea badala ya kukatika.

Usichonge mnyaa, ule wa ua wenye utomvu mweupe, kwa kuwa utomvu huo ukiingia jichoni huleta madhara makubwa. Wala usichonge kijiko au kitu cha mtoto kutokana na olianda, ua la mapambo ambalo kila sehemu yake ina sumu.

Je, ninahitaji kibali?

Kwa tawi la mti wa shambani kwako au la jirani aliyekuruhusu, la kuchonga kiboko mmoja, hakuna atakayekusumbua. Msitu wa umma ni habari nyingine. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 inakataza kukata au kuondoa mti humo bila idhini, na hata baada ya marufuku ya Februari 2018 kutangazwa kuondolewa Julai 2023, hakuna aliyeruhusiwa kuingia Msitu wa Kakamega na panga kujichagulia tawi. Msandali umepigwa marufuku kuvunwa tangu 2007. Mpingo uko katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu Januari 2017, kwa hiyo anayenuia kuuza nje ya nchi aulize kwanza. Kwa anayeanza, mpingo haufai hata kama ungekuwa halali kabisa. Ni mgumu mno kwa kisu cha mkono.

Nichonge mti mbichi au mkavu? Na kwa nini sanamu yangu imepasuka?

Maswali haya mawili ni swali moja. Mti mbichi hukatika kwa urahisi sana, na mchongaji mwenye kisu pekee ana kila sababu ya kuupenda. Hata hivyo maji yanapoondoka mti husinyaa, na hausinyai sawasawa: kuzunguka pete husinyaa takribani mara mbili ya unavyosinyaa kutoka moyoni kuelekea gome, na kwa urefu husinyaa kidogo mno. Tawi zima lenye moyo wake ndani haliwezi kukwepa mvutano huo. Sharti lipasuke mahali fulani, na ufa huwa ni ule ulionyooka kutoka gome hadi moyoni.

Dawa yake ni kuuondoa moyo kabla ya kuanza. Chukua tawi lenye unene unaozidi mkono wako, ulipasue katikati kwa panga na nyundo ya mti, kisha uondoe ule ukanda mwembamba wa katikati. Kila nusu sasa ina nafasi ya kusinyaa bila kujivuta. Ncha mbili za kipande ndizo zinazokauka haraka kuliko mahali pengine, kwa hiyo zipake nta ya mshumaa au rangi iliyobaki, na ukiweke kivulini mahali ambapo upepo haupigi moja kwa moja. Paa la mabati wakati wa kiangazi cha Januari ni tanuri. Usikaushe kitu huko.

Ukichonga kikiwa kibichi, fikia umbo la jumla, acha miguu na shingo zikiwa nene kuliko unavyotaka, halafu ufunge sanamu kwenye gazeti pamoja na maranda yake yenyewe kwa wiki mbili au tatu. Maranda hayo hutoa unyevu polepole na kuizuia sanamu kukauka ghafla. Kama duka la jirani lina mizani ndogo, ipime kila baada ya siku kadhaa. Uzito ukiacha kushuka, imekauka kwa kadiri ya hewa ya mahali ulipo. Maneno haya ya mwisho ni muhimu, kwa sababu kipande kilichotulia katika unyevu wa ziwa kule Kisumu kitaendelea kusinyaa kikipelekwa Nakuru, na zaidi Lodwar. Anayechonga kwa ajili ya zawadi za mbali na avumilie.

Nitajuaje nyuzi zinaelekea wapi?

Tazama ubavu wa kipande mahali kilipopasuka, kisha usikilize kisu. Ukikata kufuata nyuzi, randa linajikunja, jeraha kwenye mti linabaki likimeta, na sauti ni ya mteremko mmoja. Ukikata kinyume, kisu huzama bila kuombwa, mti hupasuka mbele ya makali, na unachokiona ni uso wenye mikwaruzo kama ulimi wa ng'ombe. Hapo usisukume zaidi. Geuza kipande, ukate kutoka upande wa pili.

Kanuni inayofanya kazi karibu kila mahali ni kwamba kisu kishuke kutoka penye unene kwenda penye wembamba. Kwenye mgongo wa mnyama utaanza juu na kuteremka kuelekea kichwani, kisha uanze tena juu na kuteremka kuelekea mkiani. Kwenye bonde, kama vile shingoni, utateremka kutoka pande zote mbili na mikato ikutane chini, bila mmoja kuvuka na kupanda upande wa mwenzake.

Nyuzi huamua pia ni mnyama gani utakayeweza kumchonga. Sehemu yoyote nyembamba ni lazima nyuzi zake zipite kwa urefu, la sivyo itakatika kama biskuti. Samaki hana matatizo, kwa kuwa kila kitu chake kinaelekea upande mmoja. Heroe, ndege ambaye wengi wa Nakuru humwita flamingo, ni mtego wa kila mgeni: miguu mirefu inadai nyuzi za kusimama, na mdomo uliotokeza unadai nyuzi za kulala. Huwezi kuvipata vyote viwili katika kipande kimoja. Kwa hiyo mchonge akiwa amelaza shingo na mdomo juu ya kifua, au akiwa ameketi kiotani, na tatizo litakuwa limekwisha kabla kisu hakijagusa mti.

Basi nianze na nini?

Nashauri kiboko, kwa sababu amejaa, ana miguu mifupi, na hakuna sehemu yake inayotokeza sana isipokuwa masikio. Kata kipande cha sentimita 10 kwa 4 kwa 4, nyuzi zikiwa zimelala kwa urefu wa mwili. Chora kwa penseli umbo lake ukimtazama ubavuni, kisha lingine ukimtazama kutoka juu, na usichonge chochote nje ya michoro hiyo miwili mpaka umbo la ubavuni limetoka kabisa.

Pale kichwa kinapokutana na mabega, simamisha makali wima na uyabonyeze ukizunguka shingo nzima kwa kina cha milimita 2 hivi. Huo ni mkato wa kuzuia. Kisha laza kisu, anza sentimita moja mbele yake, na uteremke kuuelekea. Kipande kitaruka chenyewe kikifika kwenye mkato, na mabega hayataguswa. Rudia, ukiongeza kina kidogo kidogo. Nafasi kati ya miguu hupatikana vivyo hivyo, kwa mikato miwili inayokutana kama herufi V. Kwenye masikio usijaribu kuchonga duara mara moja. Acha kiwimbi kimoja kinachovuka kichwa kutoka kushoto hadi kulia, kigawe katikati, ndipo uyapunguze masikio mawili yaliyobaki. Macho yaache mwisho kabisa. Ncha ya kisu ikizungushwa polepole mahali pamoja itaacha tundu linalotosha, na jicho la kiboko liko juu na nyuma kuliko wengi wanavyokumbuka.

Na uso wa mtu?

Chukua kijiti cha pembe nne na uchonge uso kwenye pembe, si kwenye upande bapa. Pembe inakupa pua iliyokwisha kutokeza, na mashavu yanateremka yenyewe kushoto na kulia. Kata kwa kuzuia chini ya pua na kwenye mstari wa nyusi, uondoe mti kuelekea mikato hiyo, na tayari una mtu. Wanaoanza kwenye ubao bapa hupata vinyago vinavyofanana na sarafu.

Kisu kinolewe vipi na mara ngapi?

Mara nyingi kuliko unavyodhani, na kwa muda mfupi kuliko unavyoogopa. Huhitaji jiwe la bei. Nunua msasa wa maji kwenye duka la rangi za magari, namba 400, 800, 1000 na 2000, uulaze juu ya kipande cha kioo kinene, na umwagie maji. Laza kisu kiasi kwamba nyuso zake mbili zikikutana zifanye pembe ya digrii 20 hadi 25, uvute ukiuacha ukingo nyuma, yaani mgongo ukitangulia, na uhesabu sawa kila upande. Usipande namba mpaka uhisi, kwa kupitisha kidole kutoka mgongoni kwenda nje, ukingo mdogo uliojikunja kwa urefu wote wa makali. Kisha maliza kwenye mkanda wa ngozi uliogundishwa ubaoni na kupakwa dawa ya kung'arisha shaba, ukivuta daima kuelekea mgongoni.

Jaribio lisilodanganya ni kukata ncha ya kijiti cha jakaranda kikavu kwa kukingamisha nyuzi. Sehemu iliyokatwa ikimeta, endelea na kazi. Ikiwa na mistari myeupe, makali yana pengo. Ukichonga, rudi kwenye ngozi kila baada ya nusu saa hivi, na msasa utauhitaji kwa nadra.

Nitazuiaje kujikata?

Kisu butu ndicho kinachokata watu, kwa sababu kinadai nguvu, na nguvu ikiponyoka haina breki. Zaidi ya hapo kuna mambo mawili ambayo sitakubali yajadiliwe. La kwanza, usichonge juu ya mapaja. Mshipa mkubwa wa damu unapita hapo. Keti mbele kidogo ya kiti, viwiko vikiwa juu ya magoti, kazi ikiwa mbele ya magoti. La pili, usiwe na mtu ndani ya duara ambalo mkono wako ulionyooka pamoja na kisu unaweza kulifikia.

Mikato ya kila siku ni miwili tu. Katika mmoja, kidole gumba cha mkono ulioshika mti husukuma mgongo wa kisu, na kisu hakiendi mbali zaidi ya urefu wa kidole hicho. Katika mwingine, mkono ulioshika kisu hufumbwa kuelekea gumba lake kama mtu anayemenya kiazi. Gumba likae chini ya njia ya makali, na ulivalishe kipande cha ngozi. Ukijikata, osha kwa maji safi na sabuni, bonyeza kwa kitambaa safi dakika 10 bila kuchungulia, na uende zahanati ikiwa damu haijakoma, jeraha liko wazi, au huikumbuki sindano yako ya mwisho ya pepopunda.

Watoto wanaweza kujifunza?

Wanaweza, wakianza na mche wa sabuni na kijiti cha mwanzi kilichochongwa. Sabuni ina hata faida ya kuwafundisha mkato wa kuzuia. Kisu cha chuma kije pale mtoto anapoweza kuketi na kazi moja bila kukimbizwa na mwito wa kwanza wa wenzake, na mtu mzima awe ameketi naye, si amesimama mlangoni.

Nipige msasa nikimaliza?

Ni hiari. Mimi sipendi, kwa sababu alama za kisu chenye makali humeta na zinaonyesha mkono, ilhali msasa huzijaza vumbi na kufanya kila sanamu ifanane na ya kiwandani. Ukiamua kupiga msasa, piga mwishoni kabisa. Chembe za mchanga hubaki kwenye nyuzi na kisu kikirudi hapo kitapoteza makali.

Nipake nini?

Nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta kidogo, au rangi ya viatu isiyo na rangi, inatosha kwa sanamu ya rafuni. Mafuta ya alizeti ya kupikia hayakauki vizuri, hubaki yakinata na baadaye hunuka. Mafuta ya kitani hukauka na ni mazuri, lakini matambara yaliyoloweshwa nayo yakirundikwa hujipasha moto na yanaweza kuwaka yenyewe. Yatandaze nje yakauke, au uyaloweshe maji kabla ya kuyatupa.

Kuna unga mweupe chini ya sanamu yangu. Ni nini?

Ni fukusi, wadudu wanaokula mti kwa ndani na kupenda sana ule mti mweupe ulio karibu na gome. Ifunge sanamu kwenye mfuko wa plastiki na uiweke kwenye friza kwa wiki mbili, kisha uiache ipate joto la kawaida kabla ya kuufungua mfuko. Itenge na nyingine wakati huo wote.

Sikio limevunjika nilipokuwa karibu kumaliza. Nifanye nini?

Kwanza acha kuchonga na ukitafute kipande chini, kabla maranda hayajafagiliwa. Mvunjiko mpya hushikana vizuri kwa sababu nyuzi bado zinaoana. Tia tone moja la gundi ya haraka, bana kwa vidole hadi ishike, na mwanya ukibaki unyunyizie unga wa mti uleule kabla gundi haijakauka. Isubiri hadi siku ya pili. Kisha uendelee na kisu kwa kukata kuelekea upande wa kichwa, ili kila mkato uzidi kulikandamiza sikio mahali pake badala ya kulivuta litoke.